Chuma Kimefika Mabegani, Sasa Kishushe

Karibu kila jimu ya mtaani ina karatasi iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: USIANGUSHE VYUMA. Mwenye jimu ana haki yake. Sakafu ni ya saruji, au mbaya zaidi ni ya vigae. Sahani zake ni za chuma tupu. Na ikiwa jimu iko ghorofani, chini kuna mpangaji aliyekwisha kulalamika kwa mjumbe. Lakini karatasi hiyo inaishia njiani. Inamkataza kijana kuangusha, haimwambii ashushe vipi.

Katika mazoezi mengi swali hilo halipo. Aliyelala kwenye benchi hukirudisha chuma kwenye vishikio vyake, na wa skwati vivyo hivyo. Kazi iko kwenye zoezi ambalo wachezaji wa raga, wakimbiaji wa mbio fupi na warusha tufe hulithamini kuliko mengine mengi ya vyuma: pawa klini. Unainama, unashika chuma kilicho sakafuni, unakivuta kwa mkupuo mmoja huku miguu ikisukuma ardhi, kisha unakipokea mbele ya mabega, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo tu. Kwa aliyefunzwa vizuri, safari hiyo ya kupanda ni ya kufumba na kufumbua. Basi amesimama, viwiko viko mbele, chuma kimelala juu ya mitulinga. Hana pa kukitundika. Kilo 60, 70 au 80 zinasubiri aamue.

Penye pesa uamuzi ni mwepesi. Sahani ni za mpira mgumu, na chini kuna jukwaa la mbao lenye mpira pembeni. Mnyanyuaji hufungua viganja, chuma huanguka mbele yake, hudunda, hutulia. Picha hiyo ndiyo inayozunguka kwenye simu za vijana wetu, hasa tangu CrossFit, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, iyatoe mazoezi ya Olimpiki kwenye kumbi za mabingwa na kuyapeleka kwa watu wa kawaida. Kijana anaitazama jioni, asubuhi anaijaribu. Alichokiona ni mtu na chuma. Asichokiona ni mpira uliobeba kishindo chote.

Hapo hutokea moja kati ya mawili. Yuko anayekiachia: sakafu inamegeka, vibano vinafyatuka, sahani moja inabingirika hadi miguuni mwa mtu wa benchi la pili, na msimamizi anafoka, “Dogo, hiyo sakafu utailipa wewe?” Yuko pia yule mtiifu, na huyu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Ameisoma karatasi, hataki ugomvi na mtu, kwa hiyo anakishusha chuma kwa nguvu za mikono peke yake. Viwiko vimebana mbavuni, mgongo umepinda kwa nyuma, vifundo vya mikono vinatetemeka. Kilo 70 alizipandisha kwa mapaja, makalio na mgongo. Sasa anaidai misuli ya juu ya mkono izishushe. Misuli hiyo ukiipa zoezi la kawaida la kukunja mkono haiuwezi mzigo huo. Kano za kiwiko na kiuno ndizo zinazolipa deni.

Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Kitu kinachoanguka kutoka urefu wa mita 1 hufika chini kikiwa na mwendo wa mita 4.4 hivi kwa sekunde, karibu kilomita 16 kwa saa. Uzito hauongezi mwendo huo, unaongeza kishindo. Kwa kilo 60, nishati inayotakiwa kumezwa na kitu fulani pale chini ni kama jouli 590. Mpira huimeza kwa kubonyea. Tuseme unabonyea sentimita 3: nguvu ya wastani inayopiga sakafu inakuwa mara thelathini na kitu ya uzito wa chuma. Sahani ya chuma juu ya saruji haibonyei. Inasimama ndani ya milimita chache. Ukizihesabu kuwa milimita 5, nguvu ileile inapanda hadi kama mara 200 ya uzito, sawa na tani 12, kwa kitambo kifupi mno. Hakuna kigae kilichotengenezwa kwa ajili hiyo.

Wala sahani zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Nyingi ni za chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini hakina unyumbufu, hakipindi, hupasuka. Makopo yaliyojazwa zege ndiyo usiseme: humomonyoka kila siku mpaka upande mmoja unabaki mwepesi kuliko mwingine bila mtu kugundua.

Na bado mchezo huu haukuzaliwa na mpira. Kunyanyua vitu vizito kulikuwamo katika Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens 1896, na kwa zaidi ya miaka 60 iliyofuata mabingwa walinyanyua chuma chenye uzito wa chuma. Tommy Kono, Mmarekani mwenye asili ya Japani, alianza kunyanyua akiwa kijana ndani ya kambi ya Tule Lake, alikozuiliwa pamoja na familia yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alitwaa dhahabu Helsinki mwaka 1952 na nyingine Melbourne mwaka 1956, sahani za mpira zikiwa bado hazijafika kwenye majukwaa ya Olimpiki. Paul Anderson, pandikizi la mtu kutoka Toccoa, Georgia, alitwaa dhahabu ya uzito wa juu hukohuko Melbourne baada ya kujifua kwa magurudumu ya chuma na vitu vilivyojazwa zege. Kijana wa Temeke au wa Kawangware anayefunga gurudumu la gia ya lori kwenye bomba asijione duni. Ametanguliwa na mabingwa wa dunia.

Tofauti ni kwamba wale walijua kushusha. Ukizitazama filamu za mashindano ya miaka hiyo utamwona mnyanyuaji, baada ya mwamuzi kumkubalia, akikiongoza chuma kwa mikono yote miwili kutoka juu hadi kifuani, kutoka kifuani hadi mapajani, kisha chini. Hawakuwa waungwana kuliko wa leo. Hawakuwa na njia nyingine, na vyuma vya enzi hizo vilipinda na kuvunjika kirahisi.

Mageuzi yalitoka Sweden. Kiwanda cha Eleiko cha mji wa Halmstad, ambacho asili yake ni vifaa vya umeme vya nyumbani, kilitengeneza chuma kilichotumika katika mashindano ya dunia ya Stockholm mwaka 1963, na chuma hichohicho kimoja kikahimili mashindano yote. Kabla muongo huo haujakwisha, sahani zilizovikwa mpira nazo zikaingia. Leo vipimo vimeandikwa na Shirikisho la Kimataifa, IWF: chuma cha wanaume kilo 20, cha wanawake kilo 15, sahani kubwa zenye kipenyo cha milimita 450, jukwaa la mita 4 kwa 4. Mpira ukaleta usalama, rekodi zikapanda, na ujuzi wa kushusha ukaanza kusahaulika kwa sababu hakuna aliyeuhitaji. Hata hivyo haukufutwa kabisa kwenye sheria. Mnyanyuaji wa mashindano haruhusiwi kukiachia chuma kikiwa juu ya mabega. Ni lazima akifuate kwa mikono hadi kiwe kimepita usawa huo. Wale wanaoonekana kwenye simu wakikitupa kutoka juu ya kichwa na kugeuka kabla hakijafika chini, mwamuzi wa kweli angewakatalia.

Nasi tunaotumia sahani za chuma hatuna budi kurudi kwenye ujuzi ule wa kale. Si mgumu, na kanuni yake ni moja: kilichopandishwa kwa miguu kishushwe kwa miguu. Mama anayetua ndoo ya maji kutoka kichwani anaijua. Haishushi moja kwa moja hadi chini. Ndoo hupita karibu na kifua, hutua mapajani huku magoti yakikunjwa, hupumzika hapo, ndipo huwekwa chini. Chuma nacho kina vituo vyake: mabegani, mapajani, sakafuni.

Kabla ya kuondoka kituo cha kwanza, mikono ifungwe. Chuma kikiwa mabegani, wengi hukishikilia kwa vidole viwili au vitatu, viganja wazi, na hilo ni sawa wakati wa kupokea. Wakati wa kushusha si sawa hata kidogo. Simama wima, nyayo zote mbili ziguse chini kwa upana wa nyonga. Vuta pumzi, kaza tumbo, kisha rudisha vidole vyote vikizunguke chuma. Anayeanza kushusha viganja vikiwa wazi atakuta chuma kimemponyoka kabla hakijafika kiunoni, na juu ya saruji hakuna nafasi ya pili.

Sasa viwiko. Vinateremka kutoka mbele, chuma kinatoka mabegani, na papo hapo viwiko vinafunguka kuelekea pembeni ili chuma kiteremke kikiparuza fulana. Hapa mikono haibebi; inaongoza tu. Kiache kishuke kwa haraka yake, lakini njia yake uiamue wewe. Kikienda mbali na mwili hata kwa upana wa kiganja kimoja, kinakuvuta mbele, uzito unahamia kwenye vidole vya miguu, na mgongo unaitwa kufanya kazi isiyo yake. Fulana yenye mstari wa vumbi kifuani na tumboni ni ushahidi kwamba umefanya vizuri. Wapo wanaoinuka kidogo kwa vidole vya miguu wakati huo, mabega yakipanda, ili kupunguza umbali wa kuanguka. Ni mbinu nzuri kwa aliyekwisha kuzoea. Anayejifunza aiweke kando kwanza.

Kituo cha pili ndicho kinachoamua kila kitu. Chuma kinapogusa mapaja, magoti na nyonga vikunjwe kwa pamoja, kifua kikiwa juu, makalio yakirudi nyuma kidogo. Kipokelewe na sehemu nene ya paja la juu. Kisipokelewe na mfupa wa nyonga wala kinena. Wanaume hawahitaji kuambiwa hilo mara mbili. Ukikunja mapema, miguu inakuwa imemaliza kulegea kabla mzigo haujafika, na hakuna kilichobaki cha kuupoza. Ukichelewa, chuma kinagonga mapaja yaliyokakamaa, mikono inanyooka kwa mshtuko, na bega ndilo linalolia. Ukipatia, mikono inamaliza kunyooka wakati uleule magoti yanapolegea, na hakuna sauti inayosikika isipokuwa sahani kugusana kidogo. Kocha mzuri hapa hatumii macho tu. Anasikiliza.

Wiki za mwanzo mapaja yatakuwa na wekundu na pengine michubuko myepesi. Vaa suruali ndefu ya mazoezi badala ya kaptura na uendelee. Lakini ikiwa kila mara chuma kinatua kwa kishindo kinachokutoa machozi, uzito ni mkubwa au magoti yanachelewa. Usivumilie kwa jina la ushujaa.

Tulia hapo mapajani. Sekunde moja, hata mbili. Vijana hupaona kama pa kupita, nao hufanya haraka kukimbilia chini, na ni katika haraka hiyo mgongo unapojipinda. Pumua, kaza tumbo upya, panga mikono. Anayetumia ule mshiko wa kufunika kidole gumba kwa vidole vingine aurudishe sasa, maana mara nyingi hufunguka chuma kinapokuwa mabegani.

Kutoka mapajani hadi magotini, nyonga ndizo zinazorudi nyuma. Magoti hayaendi mbele, na chuma kinateleza juu ya paja huku mgongo ukiwa umenyooka. Mwendo huo watu wa vyuma wanaujua kwa jina la dedlifti ya Kiromania. Jina lilitokana na Nicu Vlad, Mromania aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki Los Angeles mwaka 1984. Alipokuwa ziarani Marekani mwaka 1990, wenyeji walimwona akishusha chuma kizito kwa namna hiyo, wakauliza zoezi linaitwaje, na jibu likawa jina la nchi yake. Yaani kushusha kwenyewe, ambako kwetu ni adhabu ya mwisho wa zoezi, kwa bingwa wa Olimpiki kulikuwa zoezi kamili linalojitegemea. Chuma kikishapita magoti, yakunje sasa, chuchumaa, kifuate hadi chini kikiwa karibu na miundi. Pande zote mbili ziguse kwa pamoja. Usifungue mikono mpaka kitulie.

Kuna faida ndani yake ambayo wenye sahani za mpira wanaikosa. Misuli huhimili mzigo mkubwa zaidi inaporefuka kwa kushusha kuliko inapojikunja kwa kupandisha, na kazi hiyo ya kushusha ni sehemu kubwa ya kinachoijenga. Ndiyo pia inayoleta yale maumivu ya siku ya pili. Kwa hiyo anayeanza kushusha kwa utaratibu asishangae misuli ya nyuma ya paja na ya shingoni ikimsema kesho yake. Apunguze idadi, asiache zoezi.

Idadi yenyewe iwe ndogo: mbili au tatu kwa seti, kila moja ikiishia chini kabisa, chuma kitulie, mikono ijipange, ndipo inayofuata ianze. Kudundisha chuma sakafuni ili kupata msukumo wa bure ni uzembe wenye hatari. Sahani za chuma hazidundi sawasawa. Upande mmoja ukitangulia hata kidogo, chuma kinapinduka kuelekea upande wa pili, vibano vinalegea, na mara inayofuata unavuta uzito usiolingana. Pawa klini pia lifanywe mwanzoni mwa mazoezi, mwili ukiwa mbichi. Aliyechoka anaweza kupandisha kwa hasira. Kushusha kwa hasira hakuwezekani.

Nije kwenye vifaa, ambako maneno mengi hupotezwa bure. Vibano kwanza. Vya chemchemi vilivyolegea vitupwe. Bomba la kienyeji lifungwe kwa vibano vya skrubu, vile mafundi wanavyofungia mipira ya maji kwenye injini, na vikaguliwe kila seti. Chuma kisichozunguka kwenye ncha zake, na mabomba yetu mengi hayazunguki, husokota vifundo vya mikono wakati wa kupanda na wakati wa kushuka pia. John Davis, bingwa wa Olimpiki wa 1948 na 1952, alihangaika sana jijini Paris mwaka 1949 alipokutana na ekseli nene ya magurudumu ya reli, kilo 166 hivi, iliyokuwa mali ya mbabe wa zamani wa Ufaransa aliyejulikana kama Apollon. Ikiwa Davis alihangaika, mwenye bomba apunguze matarajio na aongeze mafuta kidogo kwenye ncha.

Halafu kimo. Sahani za mashindano hukiweka chuma sentimita 22 na nusu kutoka chini. Sahani ndogo ya kilo 10 ya chuma hukilaza karibu na vifundo vya miguu, na hapo hata mwenye nyonga laini hulazimika kupinda mgongo ili akifikie, wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza. Dawa ni kukiinulia sakafu: masanduku mawili ya mbao, au matairi mawili ya gari dogo yaliyolazwa ubavu, kila moja na kipande cha plaiwudi juu yake. Tairi lililoandikwa 185 ubavuni lina upana wa karibu milimita 185. Weka juu yake sahani yenye kipenyo cha sentimita 30, na chuma kinakaa sentimita 33 na ushei kutoka chini, chini ya magoti kwa mtu wa kimo cha kawaida. Umbali wa kushusha umepungua, tairi linabonyea, na mpangaji wa chini analala. Matairi yawe ya kipimo kimoja, na plaiwudi iwekewe ukingo ili sahani isibingirike.

Asiye na nafasi ya matairi atafute vipande viwili vya mpira mnene: mkanda chakavu wa viwandani, au tairi la lori lililopasuliwa na kutandazwa. Uwe juu ya plaiwudi, si juu ya vigae moja kwa moja. Mpira huo hausamehe kuangusha. Unasamehe makosa madogo ya kushusha, na hayo ndiyo mengi. Ghorofani, bila jukwaa la mbao na mpira chini yake, zoezi hili lisifanywe kabisa.

Uzito gani, basi? Huu ndio ugomvi wangu na makocha wengi wa mitaani. Wanampima kijana kwa kilo alizofikisha mabegani. Mimi nasema pasipo mpira kipimo ni kilo anazoziweka chini. Aliyepandisha 80 na kuzibwaga amepandisha 80 za mtu mwingine. Zake ni 65 anazozishusha mara tatu bila kelele. Najua hili halipendwi. Linapunguza sifa, na sifa ni sehemu ya jimu. Lakini mwanasoka au mchezaji wa raga hafanyi pawa klini ili apate medali ya pawa klini. Anaitaka kasi ya nyonga, na kasi hiyo ataipata kwa 65 zinazopanda haraka kuliko kwa 80 zinazojikokota.

Ipo siku moja tu ambayo kuangusha ni halali, tena ni lazima. Chuma kimepanda nusu, umeona hakitafika mabegani, au kimefika lakini kinakuelemea mbele. Usijaribu kukiokoa. Kisukume mbele, ruka nyuma, ondoa mikono na magoti njiani. Sakafu hupigwa plasta upya kwa siku moja. Kifundo cha mkono kilichovunjika huchukua wiki nyingi na pengine hakirudi kilivyokuwa. Ndiyo maana mbele ya anayefanya zoezi hili pasiwe na mtu, benchi, wala chupa ya maji, na ndiyo maana rafiki mwema asijitolee kushika upande mmoja kumsaidia. Katika skwati msaidizi ni baraka. Hapa ni mtu wa pili wa kuumia.

Na kama yote haya yanaonekana mengi kwa mazingira yako, si dhambi kuliacha pawa klini lenyewe. Livute bila kulipokea: mwendo uleule wa miguu na nyonga, mabega yakipanda mwishoni, lakini chuma kinaishia usawa wa kitovu na kurudi mapajani. Umepata sehemu kubwa ya faida, na umeondoa ule mteremko mrefu kutoka mabegani. Au anzia mapajani badala ya sakafuni, ili kila mara chuma kirudi kituo cha pili tu, na ukiweke chini mara moja mwisho wa seti. Au jaza mchanga kwenye mfuko imara wa turubai, kilo 40, uupandishe kifuani na kuuachia utakavyo. Mchanga hauna ugomvi na saruji. Mwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu amwone mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya lolote kati ya haya.

Wenye jimu nao wana la kufanya. Aliyeweza kununua kioo cha ukuta mzima anaweza kununua matairi mawili chakavu na ubao wa plaiwudi, na aliyeweka kocha anaweza kumtaka atumie wiki ya kwanza ya kila mwanachama mpya kumfundisha kushusha kabla ya kupandisha. Na wewe unayeanza, chukua chuma kitupu, kipitishe vituo vitatu kila siku ya mazoezi, mabegani, mapajani, sakafuni, kabla hujaweka sahani yoyote. Ukiweka ya kwanza, msikilize jirani wa benchi la pili. Akigeuka kutazama ni nini kimeanguka, iondoe.